Umeacha Ngano, Tumbo Bado Linasumbua

Watu 55 walifika Mayo Clinic, Rochester, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, na lalamiko lao lilikuwa moja. Walishaambiwa wana ugonjwa wa seliaki, ngano wameiacha kama walivyoagizwa, lakini nafuu hawaioni. Joseph Murray na madaktari wenzake waliamua kumchunguza kila mmoja upya, bila kuamini karatasi aliyokuja nayo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Sita kati ya hao 55 hawakuwa na seliaki kabisa. Wakabaki 49, na kati yao 25 walikutwa bado wanakula gluteni bila kujua. Waliokuwa na kile ambacho kila mgonjwa anakiogopa, yaani seliaki sugu isiyosikia mlo, walikuwa tisa tu.

Hesabu hiyo inakwenda kinyume na tunavyofanya wengi wetu. Mtu akiona ameacha mkate na tumbo bado linajaa gesi, anaacha na maziwa. Wiki mbili baadaye anaacha maharage. Kisha mayai, kisha nyanya, mpaka anabaki na wali mtupu na chai ya rangi, amekonda kwa kukosa chakula wala si kwa ugonjwa. Orodha ya miiko inarefuka, na chanzo chenyewe hakijaguswa. Kumbe uchunguzi una mpangilio wake: unaanzia jikoni, unarudi kwenye vipimo vya awali, ndipo unaingia ndani ya tumbo kutafuta kingine.

Kwa asiyeufahamu ugonjwa huu, gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayoufanya unga wa chapati uvutike bila kukatika. Kwa mwenye seliaki, kinga ya mwili ikikutana nayo inageuka na kuushambulia utumbo mwembamba. Vijidole vidogo mno vilivyotanda ndani ya utumbo, ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula, vinaliwa mpaka utando unabaki tambarare. Chakula kinapita tu. Ndipo unapoona upungufu wa damu usiosikia vidonge vya madini ya chuma, mifupa inayovunjika kirahisi, mtoto aliyedumaa, kuharisha kusikokwisha. Tiba iliyopo ni moja, kuacha gluteni maisha yote.

Wapo watakaosema huo ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 1999 watafiti wa Kiitaliano wakiongozwa na Carlo Catassi walichapisha matokeo ya kuwapima watoto 989 wa Saharawi, watu wa Sahara Magharibi, na kukuta asilimia 5.6 wana seliaki. Ulaya kiwango cha kawaida ni kama asilimia moja. Kwa hiyo mahali palipowahi kukutwa wagonjwa wengi kuliko kwingine ni Afrika, miongoni mwa jamii ambayo chakula chake cha kila siku kimekuwa ngano.

Sasa jikoni. Swali la kwanza ni kiasi. Catassi huyo huyo na wenzake, mwaka 2007, waliwapa wagonjwa waliokwisha kupona vidonge vyenye gluteni kidogo sana, kila siku kwa siku 90. Miligramu 50 kwa siku zilitosha kuuharibu utumbo tena. Kipande kimoja cha mkate wa dukani kina gramu mbili au zaidi za gluteni, kwa hiyo miligramu 50 ni zile chembe zinazobaki kwenye kisu cha kupakia siagi. Hili ndilo jibu la kumpa shangazi pale harusini anapokusogezea sahani na kusema, "Onja tu mwanangu, kidogo hakidhuru." Kinadhuru, hata kama usiku huo hutasikia chochote. Wapo wagonjwa ambao tumbo haliwaumi kabisa, lakini utumbo unaendelea kuliwa kimyakimya.

Ukienda mashine ya kusaga asubuhi ya Jumamosi, usitazame mizani, tazama ule mfuko mrefu wa kitambaa uliofungwa pale unga unapotokea. Mwenye mashine anamimina debe la ulezi, mashine inanguruma, mfuko unavimba. Akimaliza anaupigapiga kwa kijiti ili unga ulioganda ushuke. Unaoshuka si wako peke yako. Muulize.

"Kaka, kabla yangu umesaga nini?"

"Unga wa lishe wa mama mmoja, dada. Mahindi, soya, mtama, ngano kidogo. Kwani vipi?"

Hakuna aliyefanya kosa hapo. Mashine ni ya mtaa mzima, na ngano ni nafaka halali kama nyingine. Lakini mtu aliyekwenda kusaga ulezi kwa sababu ulezi hauna gluteni amerudi nyumbani na gluteni ya jirani, na kila asubuhi anakunywa uji wa kumletea ugonjwa ule ule anaoukimbia. Tatizo hili si la mashine za mitaani tu. Huko Marekani, mwaka 2010, mtaalamu wa lishe Tricia Thompson na wenzake walipima sampuli 22 za nafaka, mbegu na unga ambao kwa asili hauna gluteni. Sampuli saba zilizidi kiwango kinachokubalika kimataifa cha miligramu 20 kwa kila kilo. Miongoni mwa hizo saba ulikuwepo unga wa soya na unga wa mtama, wa viwandani, uliofungwa vizuri na kuuzwa dukani.

Dawa yake ni kununua nafaka nzima, kuipepeta na kuichambua kwa mkono, kuiosha, kuianika mbali na nafaka nyingine, na kuisaga kwa kifaa ambacho hakijawahi kuonja ngano. Ni kazi, sikatai. Ndiyo maana kwa miezi ya mwanzo mimi ningemshauri mgonjwa asahau habari za unga na akae kwenye vyakula visivyopita mashineni: mchele, ndizi mbichi, viazi, magimbi, muhogo wa kuchemsha.

Baada ya mashine kuna barabara. Kikaango cha chipsi kinachokaanga viazi peke yake ni adimu. Mafuta hayo hayo yamepitisha sambusa, kababu na andazi. Kitumbua ni cha mchele, lakini wapo wapishi wanaotia ngano kidogo ili kishikane, na kwa macho huwezi kukitofautisha. Bhajia ni ya dengu mpaka dengu inapopanda bei. Urojo wa Unguja mara nyingi hufanywa mzito kwa unga wa ngano, na mlaji akili yake yote iko kwenye embe na pilipili. Mishikaki iliyolala kwenye sosi ya soya usiku kucha imelala kwenye ngano. Chukua chupa ya sosi hiyo usome mgongoni, kwa maandishi madogo: maji, soya, ngano, chumvi. Soma pia soseji, kiungo cha mchuzi cha vipande na vinywaji vya kimea, kwani kimea kwa kawaida ni shayiri. Nyumbani kwenyewe, mtazame mwiko wa mbao, kibao cha chapati kinachotumika pia kukatia mboga, na kopo la siagi ambamo kila mtu wa nyumbani anachovya kisu chake. Sahani na masufuria hayahitaji kutengwa. Sabuni na maji vinatosha.

Hata altareni ngano ipo. Hostia ya Wakatoliki ni ya ngano. Mwaka 2017 Kardinali Robert Sarah, Mwafrika kutoka Guinea aliyekuwa anaongoza idara ya Vatikani inayosimamia ibada, aliandika kwa maaskofu kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa Ekaristi, ila yenye gluteni kidogo sana inakubalika. Kanisa linaruhusu pia mgonjwa kupokea divai peke yake. Mgonjwa anayekomunika kila siku na amefunga milango mingine yote, aongee na paroko wake.

Mgonjwa anayekula gluteni bila kujua akipimwa damu, anaweza kuambiwa kingamwili za seliaki zimeshuka, uko salama. Jibu hilo lipokelewe kwa tahadhari. Kingamwili zikiwa juu baada ya mwaka wa mlo, mara nyingi kuna gluteni inaingia mahali. Zikiwa chini, hazithibitishi kuwa haiingii, wala kuwa utumbo umepona. Siku hizi vipo vipimo vya mkojo na vya choo vinavyotafuta mabaki ya gluteni yenyewe, na vimewaumbua wengi waliokuwa na hakika na mlo wao.

Jaribio ninalolipenda zaidi katika habari hii lilifanyika Baltimore, katika kituo cha Alessio Fasano cha Chuo Kikuu cha Maryland, na kuchapishwa mwaka 2013. Wagonjwa 17 waliokuwa wanashika mlo wao barabara na bado wanaumwa waliwekwa kwenye chakula kisichopita kiwandani: mchele mtupu, matunda na mboga mbichi za kupika wenyewe, nyama na samaki wabichi, mayai, maharage makavu, maziwa, chumvi, mafuta, asali. Nafaka nyingine zote zilizuiwa, hata zile ambazo kwa asili hazina gluteni. Baada ya miezi mitatu hadi sita, 14 kati ya 17 walipata nafuu. Sita kati ya wote walikuwa wamekaribia kuandikiwa seliaki sugu, ugonjwa unaotibiwa kwa dawa kali za kupunguza kinga ya mwili. Watano wao walipona kwa wali na maharage. Na haikuwa adhabu ya maisha, kwani 11 kati ya hao 14 walirudi kwenye mlo wa kawaida usio na gluteni bila kuugua tena.

Ukikisoma kile chakula cha Baltimore, ni kama chakula cha mchana cha nyumba nyingi za kawaida kutoka Tanga mpaka Kigoma. Wali, maharage, mchicha, samaki, ndizi ya kumalizia. Kinachogharimu fedha ni keki na mikate ya pakiti iliyoandikwa kwamba haina gluteni, inayokuja kwa ndege na kuuzwa kwenye maduka makubwa ya Nairobi na Dar es Salaam. Hiyo si ya lazima.

Kuna jambo la muda pia, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa kabla ya wakati. Kuharisha kunaweza kupungua ndani ya wiki chache, lakini utumbo wa mtu mzima unajijenga taratibu mno. Utafiti mwingine wa Mayo Clinic, wa mwaka 2010, uliwafuatilia watu wazima na kukuta kwamba baada ya miaka miwili ni asilimia 34 tu ambao utando wao ulikuwa umerudi sawasawa. Baada ya miaka mitano walikuwa asilimia 66. Watoto hupona haraka zaidi. Kwa hiyo aliyeanza mlo miezi mitatu iliyopita hana fumbo la kuchunguza bado. Madaktari huanza kuhesabu dalili kuwa zimekaidi baada ya miezi sita hadi kumi na miwili.

Jikoni kukishasafishwa na bado hali ni ile ile, rudi kwenye karatasi ya mwanzo. Nani alisema ni seliaki, na kwa kipimo gani? Wale sita wa Rochester hawakuwa nayo. Kwetu naamini hili lina uzito zaidi, kwa kuwa utumbo uliosawazika hauletwi na gluteni peke yake. Giardia, kidudu cha maji machafu, kinaweza kuleta kuharisha kwa miezi, kukonda na kushindwa kuyamudu maziwa. Virusi vya UKIMWI vinaudhuru utumbo kwa namna yake. Kuna pia ugonjwa wa utumbo wa nchi za joto, unaotibiwa kwa antibiotiki na vidonge vya foliki. Mtu mwenye giardia akiacha ngano anaweza kupata nafuu kidogo, kwa sababu tumbo limepunguziwa mzigo, atashukuru, na kidudu kitaendelea kuishi naye.

Shida kubwa kuliko zote hapa ni ya wale waliojipima wenyewe. Wamesikia kwamba ngano ni mbaya, wakaiacha, kisha miezi sita baadaye wanamwendea daktari wapimwe seliaki. Hakuna kitu kinachomfunga mikono daktari kama hicho. Kipimo cha kingamwili na kipande cha nyama kinachochukuliwa utumboni kwa kamera vyote vinahitaji mtu awe anakula gluteni. Bila hivyo mwenye ugonjwa anaweza kuonekana mzima. Daktari atalazimika kumrudisha kwenye ngano kwa wiki kadhaa ndipo ampime. Njia nyingine ni kuangalia vinasaba vya HLA-DQ2 na HLA-DQ8. Karibu wagonjwa wote wa seliaki wana kimojawapo, kwa hiyo asiye na chochote kati ya hivyo anaweza kuondolewa kwenye orodha. Aliye navyo hajathibitika, maana watu wengi wazima kabisa wanavyo.

Na kuna watu ambao ngano inawaumiza kweli, lakini mkosaji si gluteni. Oslo, mwaka 2018, watafiti waliwachukua watu 59 waliokuwa wamejiwekea mlo usio na gluteni ilhali hawana seliaki. Wakawapa vitafunwa vya aina tatu vinavyofanana, kila kimoja kwa siku saba: kimoja kina gluteni, kingine kina fruktani, cha tatu hakina lolote. Kilichowajaza tumbo zaidi ni cha fruktani. Hiyo ni aina ya wanga isiyosagika vizuri tumboni, nayo imo kwenye ngano. Imo pia, tena kwa wingi, kwenye vitunguu maji na vitunguu saumu. Unaona mtego ulipo. Mtu anaacha ngano, fruktani inapungua, anapata nafuu nusu, anajiona ameshapata jibu. Nusu iliyobaki anaikaanga kila jioni kwenye mafuta ya mchuzi. Kuishi bila kitunguu si mchezo kwa mtu wa pwani, na pilau isiyo na saumu sijui tuiite nini, lakini kujaribu kwa wiki chache chini ya mtaalamu wa lishe kunaweza kumaliza ubishi wa miaka.

Maziwa nayo yana kesi yake. Kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa kinatengenezwa kwenye ncha za vile vijidole vya utumbo, kwa hiyo vikiharibika, maziwa yanakuwa adui mpaka vitakapoota tena. Huyo ataweza kuyarudia siku moja. Lakini wapo ambao tangu utotoni kimeng'enya hicho kilipungua chenyewe, kama ilivyo kwa watu wazima wengi duniani, na seliaki haihusiki. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, baada ya kuwachunguza watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, walionyesha kwamba wafugaji wengi wa huku wana mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha kunywa maziwa ukubwani, na yamezuka kivyake, tofauti na ya Wazungu. Kwa hiyo wagonjwa wawili wa kliniki moja, mmoja wa ukoo wa wafugaji na mwingine wa ukoo wa wavuvi, hawafai kupewa agizo moja kuhusu maziwa.

Mengine yanahitaji hospitali, wala si kubahatisha nyumbani. Bakteria huweza kuzaliana kupita kiasi kwenye utumbo mwembamba. Kongosho linaweza kuwa limelegea, halitoi vimeng'enya vya kutosha, choo kikawa na mafuta yanayoelea. Vidonge vya kuongeza vimeng'enya humrudishia mtu uzito wake. Utumbo mpana unaweza kuwa na uvimbe ambao kamera haiuoni, unaonekana kwa darubini tu baada ya kukatwa kipande. Ile seliaki sugu yenyewe ina aina mbili, na ya pili ndiyo ya kuogopwa, kwa kuwa inaweza kugeuka saratani ya limfoma. Anayeendelea kukonda, anayeamshwa na kuhara usiku, mwenye homa isiyoeleweka au damu kwenye choo, asianze kupanga mlo. Aende hospitali wiki hiyo hiyo.

Nimeacha moja la mwisho kwa sababu hata madaktari liliwachukua miaka kulitambua. Hospitalini Rochester, Murray na wenzake walianza kupokea wagonjwa wanaoharisha na kukonda vibaya, wengine wakilazwa. Vipande vya utumbo vilionyesha uharibifu ule ule wa seliaki, lakini damu haikuwa na kingamwili zake, na kuacha gluteni hakukusaidia chochote. Walipotazama orodha za dawa, wote 22 walikuwa wanatumia kidonge kimoja cha shinikizo la damu, olmesartan. Kilipoachishwa, wote walipata nafuu. Taarifa ilitoka mwaka 2012, na mwaka uliofuata mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliagiza onyo liongezwe kwenye maelezo ya dawa hiyo. Wengine walikuwa wameimeza kwa muda mrefu bila shida yoyote kabla ya tumbo kuanza, ndiyo maana hakuna aliyeishuku.

Kwa hiyo siku ya kliniki tia kwenye mfuko kila unachomeza, dawa za presha, za maumivu, za vidonda vya tumbo na mitishamba ya bibi, uvipange mezani mbele ya daktari. Cha presha usikiache mwenyewe. Atakayekibadilisha ni yeye.